Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka wa Vibuyu Chirizi

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mhazini. Mimi nitasema ya kazi tu.

Miezi ya mwanzo tuliipoteza kwa hotuba za kunawa mikono. Hakuna mkutano wa mtaa tulioukosa, tulibandika mabango, watu wakaitikia kwa sauti moja, "Sabuni na maji tiririka!" Makofi, tukarudi majumbani tumeridhika. Katibu ndiye aliyeshauri tupite nyumba kwa nyumba tukaone vyoo vyenyewe. Nyumba ya pili kuingia ilikuwa yangu. Choo safi, kopo lipo, sabuni haipo. Ilikuwa ndani, kwenye beseni la kufulia. Sikuwa na la kusema.

Wazee waliokuwa kwenye kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973, walitucheka. Wao walisikiliza redio kwa vikundi, wakishajadiliana wanashika majembe kuchimba vyoo. Sisi redio tumebaki nayo, jembe tumelisahau.

Ndipo tukaingia kwenye vibuyu chirizi, vya kunawia mikono nje ya choo bila kushika chombo. Dumu la lita 5, msumari wa moto wa kutobolea, kamba, na kijiti cha kukanyagia. Vijana wanafunga kimoja chai haijapoa. Balaa likawa kunguru: ning'iniza kipande cha sabuni asubuhi, adhuhuri kiko juu ya bati la jirani. Aliyetuokoa ni mama lishe mmoja wa stendi. Yeye hutia sabuni ya unga kidogo kwenye chupa ya maji, kifuniko akakitoboa. Kunguru hana shida nayo. Siku hizi wateja wake wananawa kwanza, ndipo waulizwe wanakula nini.

Kwenye ORS, ile dawa ya unga ya kumrudishia maji mwilini anayehara, bado tunakosea. Pakiti moja ni ya lita moja ya maji salama, yaani chupa mbili za nusu lita. Ukiikoroga yote kwenye kikombe, mtoto anakunywa chumvi kali na kuhara kunazidi. Waliouguza kipindupindu kilipozuka hapa Dar es Salaam Agosti 2015 hawahitaji kuambiwa jinsi saa chache zinavyomkausha hata mtu mzima.

Kwa mwaka tunaouanza, ombi langu ni moja: tusichapishe bango lolote kabla wanakamati wote hawajakaguliwa vyoo vyao. Tunaanza Jumamosi hii, saa mbili asubuhi, na kwangu ndipo pa kuanzia.