Miezi 18: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Juzi kwenye simu uliniuliza Edward Sokoine, Waziri Mkuu wetu wakati ule, aliiongozaje serikali wakati wa Vita vya Kagera, tulipopigana na Uganda, nami nikakujibu harakaharaka kwamba alikuwa mkali. Jibu lile limenikosesha raha.

Kila mtu anaikumbuka hotuba ya Rais wetu, Mwalimu Nyerere, ya Novemba 2, 1978: sababu, nia na uwezo wa kumpiga Idi Amin wa Uganda tunao. Uwezo wenyewe ilibidi mawaziri wautafute. Jeshi lilitaka malori, mafuta, chakula, na mgambo wa kujaza vikosi. Sokoine, ambaye alishakuwa Waziri wa Ulinzi, akaagiza mikoa itoe kila ilicho nacho, cha jeshi na cha raia. Sasa fikiri: lori likienda Kyaka, kule vitani Kagera, mazao hayasombwi kijijini. Waziri mwenye kilimo analia na hasara, mwenye ulinzi anamfikiria askari anayesubiri risasi, na wote wanasema kweli. Kikao cha Baraza la Mawaziri kilikuwa chini ya Rais, lakini kumfuatilia kila waziri mpaka alichokubali kikaonekana kimetendwa, hiyo ilikuwa kazi ya Waziri Mkuu. Ukali niliousema ni huo.

Kampala ilianguka Aprili 11, 1979. Wengi wakisimulia huishia hapo. Mimi naamini kazi nzito ya Baraza ndiyo kwanza ilianza. Vita vilikadiriwa kutugharimu dola milioni 500. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikwishavunjika mwaka 1977, tukabaki kujijengea upya shirika letu la ndege na la reli. Bei ya kahawa ilishaporomoka, na mafuta yakapanda mwaka uleule wa ushindi. Mwalimu akatuomba tufunge mikanda kwa miezi 18.

Tulifunga. Miezi ikaisha, foleni za sukari na sabuni zikazidi kurefuka. Bibi yako alidamka kwenda kupanga foleni, wala sikumsikia akilaumu vita hata siku moja. Alichouliza ni ile miezi tu: “Si walisema 18?” Swali lile hakuna kiongozi wa mtaa aliyeweza kumjibu, nami bado linaniuma. Afadhali angeambiwa tangu mwanzo kwamba haijulikani dhiki itaisha lini. Angevumilia vilevile.

Halafu kuna Edwin Mtei. Alikuwa Waziri wa Fedha, akajiuzulu Desemba 1979. Shirika la Fedha la Kimataifa lilitaka shilingi ishushwe thamani. Yeye aliona tukubaliane nalo, Mwalimu akakataa. Ujanani nilimwona msaliti. Leo namheshimu: alisema ndani, hakukubaliwa, akatoka, badala ya kubaki akitekeleza shingo upande. Woga wa Mwalimu nao ninauelewa, maana shilingi ikishuka anayeumia kwanza ni mwenye mshahara mdogo. Shilingi ilikuja kushushwa sana mwaka 1986, naye Mwalimu ameshang’atuka.

Wewe sasa unaandika kumbukumbu za vikao vya wakubwa. Sikuulizi yanayosemwa humo. Ni siri, na nisingependa uniambie. Ila ukija nyumbani nijibu hili moja: waziri wa fedha akisema hela haipo, wenzake humwacha amalize?

Baba yako