Mdogo wangu unayeanza kufundisha ufinyanzi, mikono nyuma

Mdogo wangu,

Nimesikia umekubali kuwafundisha wanaoanza pale studio ya jamii, na kwa jinsi ninavyokujua saa hizi unakusanya video na kuandika mpango wa masomo usio na mwisho. Sawa, andika. Ila mimi nina neno moja tu la kukwambia na naliweka hapa hadharani maana najua wenye ugonjwa kama wako ni wengi: usishike udongo wa mwanafunzi. Akikwama muongoze kwa mdomo, au chukua donge lako umuonyeshe pembeni, lakini chungu chake ni chake hata kama kinaenda upande.

Wewe huwezi kuona kitu kimepinda ukanyamaza, hilo nalijua toka zamani. Na kwenye gurudumu la kufinyangia, lile linalozungusha udongo, kishawishi ni kikubwa, mtu anahangaika kuuweka udongo katikati, unayumba, anatoa jasho, wewe unainama unaugusa kidogo tu umetulia, anafurahi, asante mwalimu, na hapo hajajifunza kitu chochote yani. Kuuweka udongo katikati ni kazi ya mwili mzima. Viwiko vimekaa mapajani au vimebana mbavu, mkono mmoja unasukuma kutoka ubavuni mwingine unabonyeza juu, na kuachia ni taratibu maana ukiachia ghafla unaanza kuyumba upya. Hayo hayatoki mkononi mwako kwenda mkononi mwake. Kazi yako ni kumtazama, na usitazame udongo sana, tazama viwiko, mara nyingi shida iko pale, umwambie kiwiko kinaelea, kibane. Halafu wapunguzie maji. Wanaoanza wanamwagia mpaka udongo unalegea wote halafu wanashangaa ukuta unaanguka.

Vyombo vyao vya mwanzo wavikate katikati kwa waya. Watakulalamikia, hahaha, ila wakate, tena wakate wenyewe. Ukikipasua chombo toka mdomoni mpaka kitakoni unauona unene wote, utakuta juu pamekuwa pembamba na chini pale ukuta unapokutana na kitako kumebaki bonge la udongo, ndiyo maana bakuli dogo linakuwa zito kama tofali. Ungeweza kulisema hilo mara mia wasikusikie. Na hakuna kinachopotea, kwa sababu udongo mbichi unarudi. Vipande vikauke kabisa kabisa ndipo vitumbukizwe kwenye ndoo ya maji, vitasambaratika vyenyewe, ila vikitumbukizwa vikiwa na ubichi ubichi vinabaki mabonge. Kisichorudi ni kilichopita motoni. Ndani ya chembe za udongo kuna maji yaliyofungwa humo, siyo haya ya kuloweshea, na yanatoka tanuri likifika kama nyuzi joto 450 mpaka 600 hivi, yakishatoka basi, hata uloweke mwaka mzima hupati tope tena. Kwa hiyo waambie hukumu ni mlangoni kwa tanuri, huku kwingine kote wana ruhusa ya kuharibu.

Sasa kuna hili la mapovu ya hewa linanikera. Karibu kila studio utasikia kanda vizuri bana, povu la hewa litalipua chombo. Kinacholipua ni maji! Chombo kinene ambacho ndani bado kina unyevu kikipandishwa moto haraka, maji yanageuka mvuke yakifika nyuzi 100, na mvuke unataka nafasi zaidi ya mara elfu moja ya ile ya maji, ukikosa njia ya kutokea unaitengeneza. Povu la hewa kwenye ukuta mkavu linakaa zake tu. Kukanda ni muhimu lakini kwa sababu nyingine, udongo unatakiwa ulingane ugumu kila mahali, na povu kwenye gurudumu linakutoa kwenye mstari ghafla kidole kikilikuta. Nakuomba usiwafundishe uongo kwa sababu tu unawafanya wakande, utamkuta mtu kakanda mpaka mikono inauma, kaingiza sanamu lenye unene wa ngumi na ubaridi ndani, na likipasuka linapasukia vyombo vya wenzake. Mwambie aliguse na shavu, likiwa la baridi bado lina maji. Na sanamu nene ufukue ndani lingali bichi, usiliache limejaa.

Halafu usianze na gurudumu. Najua wote wanakuja kwa ajili ya gurudumu kwa sababu ndilo wameliona kwenye simu, lakini wape kazi ya mkono mtupu kwanza, chungu cha kubonyeza kwa dole gumba, halafu cha kupandisha kwa kamba za udongo. Kuna kasumba kwamba mkono ni wa watoto na gurudumu ndiyo ufinyanzi wenyewe. Waambie habari za mfinyanzi Ladi Kwali wa Nigeria, yule wa kwenye noti ya naira 20, alijifunza kufinyanga kwa shangazi yake, mwaka 1954 akajiunga na kituo cha mafunzo ya ufinyanzi cha Mwingereza Michael Cardew kwenye mji uliokuwa unaitwa Abuja, leo ni Suleja, gurudumu lipo pale na akalijua, ila dunia ilimjua kwa mitungi yake mikubwa ya kupandisha kwa mkono. Magdalene Odundo naye, mzaliwa wa Nairobi wa 1950, alipita kituo hicho hicho kujifunza na vyungu vyake mpaka leo ni vya mkono, anavisugua mpaka vinang'aa bila glezi, ule mpako wa kung'arisha, hata tone, na rangi inatokana na hewa ya tanurini, hewa ikiwa ya kutosha vinatoka na wekundu wa chungwa, akivinyima hewa vinatoka vyeusi. Sasa nani amwambie huyo mama kwamba mkono ni wa watoto?

Tena mkono unakusaidia na wewe na ugonjwa wako, kwa sababu udongo hauzunguki, hakuna dharura, mwanafunzi anabonyeza, anatazama, anafikiri, na wewe huna kisingizio cha kuruka kumuokoa. Hapo ndipo vidole vinajifunza unene. Na kuunganisha pia atajifunza hapo, mkono wa kikombe na kikombe viwe na unyevu sawa, vimekaza ila bado vina ubichi, uchanje pande zote mbili upake udongo wa majimaji ndipo ushindilie. Kimoja kikavu kingine kibichi vitaachana tu, kwa sababu kile kibichi bado kina safari ndefu ya kusinyaa. Kusinyaa kwenyewe waoneshe kwa kipimo, afanye kipande cha udongo achore mstari wa sentimita 10, akichome mpaka mwisho apime tena. Kama udongo wenu unasinyaa asilimia 12 atakuta 8.8, na ataelewa kwa nini kikombe kilichokuwa saizi yake mezani kimetoka cha mtoto.

Mengine ni ya studio yenyewe, maana tanuri ni la wote. Vumbi kwanza. Marufuku kufagia kikavu, sakafu ni kupiga deki na meza ni kufuta na sponji mbichi, kwa sababu vumbi la udongo lina silika, madini yaliyomo kwenye mchanga, na silika inayovutwa miaka na miaka inaharibu mapafu na hayaponi. Kusugua chombo kikavu kwa msasa hali kadhalika, kama ni lazima basi asugue kwa sponji yenye maji, na hili usilifanyie mzaha hata kama wanakuona mnoko.

Glezi ni kioo. Ikifika joto lake inayeyuka inatiririka na ikikuta shelfu ya tanuri inagandia hapo, kwa hiyo kitako kifutwe safi na ukuta uachwe milimita kadhaa bila glezi kutoka chini, na glezi isiyojulikana inawekewa kisahani cha udongo chini yake. Hapa ndipo utagombana na watu, maana mtu mzima anapaka matabaka manne halafu anakwambia nimeona kwenye video inatoka vizuri. Kabla ya kubishana muulize na udongo wake unachomwa nyuzi ngapi. Udongo wa joto la chini, ule wa 1,000 mpaka 1,100 na kidogo, ukiutia kwenye moto wa 1,220 unaweza kuyeyuka ukawa dimbwi juu ya shelfu ya watu. Andika kwa kalamu nene kwenye kila mfuko na kila ndoo.

Kupanga tanuri usipange peke yako. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na anayeanza akibeba shelfu na kusimamisha koni, vile vipande vidogo vya kupimia moto, anajifunza zaidi ya kukaa darasani. Tia koni kila mara hata kama tanuri lina kompyuta yake, kipimo kinakupa joto la pale kilipo tu ila koni inapinda kwa joto na muda kwa pamoja, kama udongo wenyewe unavyofanya. Na kufungua ni likishuka chini ya nyuzi 100, wakikusukuma wewe zima simu. Kuna hatua pale 573 ambapo kwatsi, aina ya madini iliyomo ndani ya udongo, inabadilika umbo ghafla wakati wa kupanda na wakati wa kushuka, chombo kikipita hapo mbio kinaweza kupasuka, na haraka ya kufungua mlango inaleta nyufa nyingine hata baada ya hapo.

Uliniuliza pia ufanye nini na vyombo visivyochukuliwa, vile vya watu waliokuja mara mbili wakapotea. Weka tarehe kwenye shelfu, tangaza kwenye grupu, tarehe ikipita vibichi vyote ndoo ya maji, vilivyochomwa vizuri gawa, vilivyobaki vunja. Na wala usinipigie simu usiku kuniuliza kama una roho mbaya.