Mtandao haukuwa chini siku ile, kasa ndo haikufunguliwa

Ndugu Mhariri,

Nawasalimu kutoka Moshi. Gazeti lenu naanzaga na michezo kule nyuma, nikimaliza ndo narudi kwenye barua, na kwenye barua sikosi kukuta mtu analalamika kaenda mahali kufuata hela yake au karatasi yake akaambiwa mtandao uko chini, kakaa kwenye benchi mpaka saa nane mchana kaondoka mikono mitupu. Naomba niseme neno hapo maana mimi ni mmoja wa wale wanaokaa nyuma ya dirisha, naangalia kompyuta za saccos moja hapa mjini (jina naliacha, bado nahitaji mshahara), na kiukweli mara nyingi tukiwaambia mtandao uko chini, mtandao upo mzima wa afya. Siku moja hapa kwetu kilichokosekana ni kitu kinaitwa kasa, njia ya kusoma kumbukumbu za kompyuta kidogo kidogo, na ndo nataka kuieleza.

Mwezi wa kwanza, wiki ile ya ada, foleni ilitoka nje ya mlango ikafika kwa mama wa maparachichi. Madirisha yetu matatu yakaganda yote kwa pamoja. Mbele alikuwepo meku (mzee, kwa Kichaga) mmoja wa Kibosho, kitabu chake cha akiba kiko kwenye bahasha ya kaki na bahasha iko ndani ya koti, katoka kwake hata chai hajanywa. Keshia akamwambia, "Baba samahani subiri kidogo, mtandao unasumbua." Meku akatoa kitochi chake mfukoni akamuonyesha. "Mtandao gani mwanangu, mbona saivi tu nimetoka kuongea na dada yako yuko Dar?" Watu wakacheka benchi zima. Mimi kule nyuma sikucheka, nilikuwa naangalia kwenye kioo memori ya seva (kompyuta mama inayohudumia madirisha yote) inapanda, asilimia 90, 94, 98, afu kila kitu kikakatika.

Kilichotokea ni hiki. Juu ghorofani mhasibu alibonyeza kitufe kimoja tu, cha kutoa taarifa za wanachama wote kwa ajili ya wakaguzi. Ile programu tuliyouziwa ikaenda kwenye databesi, ghala la kumbukumbu zote, kwetu ni ya PostgreSQL, ikasema nipe miamala yote tangu tuanze kutumia kompyuta. Kwetu hiyo ni kama mistari milioni 4. Na ikaletewa yote kwa mkupuo, kabla haijachapa hata jina la mwanachama wa kwanza. Mashine yenyewe ina memori ya giga 8, databesi iko humo humo na programu iko humo humo.

Watu wengi wanafikiri ukiuliza swali kwenye databesi inakupa jibu kidogo kidogo kadri unavyosoma. Hapana. Programu yetu imeandikwa kwa lugha ya Python na inatumia draiva (kiunganishi cha programu na databesi) ya psycopg2, ambayo bila kuiambia vingine ikituma swali inasubiri jibu zima lifike lote upande wake, ndo ianze kukugawia mstari mmoja mmoja. Kwahiyo wewe mwandishi wa programu unaona unasoma taratibu kistaarabu, kumbe mzigo wote ushateremshwa sebuleni kwako. Ni kama umeenda soko la mitumba Kiboriloni unataka kuchagua shati moja moja, muuzaji anakumwagia kwanza mabelo yote aliyonayo miguuni, afu anakwambia haya chagua.

Memori ikiisha, Linux, mfumo unaoendesha seva yetu, inatafuta mchakato (kazi inayoendelea kwenye mashine) mnene inauua ili mashine ipone. Siku ile iliua mchakato mmoja wa PostgreSQL yenyewe, na PostgreSQL ikiona mtoto wake mmoja kauawa vile haiamini tena memori wanayochangia, inawafukuza wote waliounganishwa inajianza upya. Ndo maana madirisha matatu yaliganda pamoja ingawa makeshia hawakuwa wamegusa kitu. Mtandao ulikuwa hauhusiki hata kidogo, meku alikuwa sahihi na kitochi chake.

Sasa dawa yake ipo na ni ya zamani, inaitwa kasa, cursor kwa Kiingereza. Siyo yule kasa wa baharini, sisi huku mlimani tungemtoa wapi, hii ni kasa ya databesi, yaani alama inayokaa ndani ya seva ikikumbuka umesoma mpaka wapi. Unaifungua kwa kuitangaza, DECLARE, unaipa jina na swali lako, afu unaomba FETCH 500, inakuletea mistari 500, ukimaliza kuishughulikia unaomba tena 500, inaendelea ilipoishia, mpaka iishe, ndo unaifunga kwa CLOSE. Upande wako hakikai zaidi ya mistari ile 500. Na seva nayo mara nyingi haiandai jibu zima mapema, inazalisha kadri unavyoomba, labda uwe umedai ikupangie kwa tarehe na haina faharasa (orodha iliyopangwa tayari) ya tarehe, hapo lazima ipange kwanza, ila inajua kumwaga kwenye diski ikizidiwa.

Mabadiliko yenyewe kwenye maandishi ya programu yalikuwa ya kuchekesha. Palipoandikwa cursor na mabano matupu, mimi ndani ya mabano nikaweka jina, name='taarifa', basi. Ukiipa jina psycopg2 inaelewa unataka kasa ya kule kwenye seva, usipoipa jina inakuwa ile ya kumwagiwa mabelo. Usiku ule nikabadilisha nikajaribisha, memori ikapanda vile vile mpaka juu. Nikasema hii nini tena. Nikakaa nayo mpaka saa saba usiku ndo naona mstari wa chini yake umeandikwa fetchall, yaani nimefungua bomba dogo afu nikaliambia lete yote. Nikaiondoa nikaweka kitanzi cha for cha kawaida, kinachozunguka mstari kwa mstari, memori ikakaa palepale haitikisiki. Niliguna peke yangu ofisini mlinzi akaja kuchungulia.

Furaha haikudumu. Ikachapa mwanachama wa kwanza, wa pili ikakufa ikasema kasa haipo. Kumbe programu ilikuwa kila ikimaliza mwanachama inaandika alama kwamba huyu kachapwa, afu inafanya commit, yaani inathibitisha ilichoandika na kufunga muamala, na kasa ya kawaida inaishi ndani ya muamala mmoja tu (muamala wa databesi, siyo wa hela, samahani neno ni hilohilo), ukifanya commit na kasa nayo imekwenda. Kuna namna ya kuitangaza na WITH HOLD ili ivuke commit, nikaijaribu ikafanya kazi lakini commit ya kwanza ilichukua muda mrefu sana maana inabidi seva ikopi matokeo yote yaliyobaki pembeni kabla haijakuachia. Mwisho nikafungua miunganisho miwili, mmoja wa kusoma na kasa yake haufanyi commit mpaka mwisho, mwingine wa kuandika zile alama unafanya commit unavyotaka. Ikapita.

Kingine ni kuchagua unachota mistari mingapi kwa mara moja, hapa ndo vijana wanaharibu. Tawi letu la Rombo linaunganishwa kwa redio, kwenda na kurudi ni kama milisekunde 60. Ukichota mstari mmoja mmoja mara milioni 4, hiyo milisekunde 60 tu inakula masaa 66 na dakika 40, karibu siku tatu, kompyuta haifanyi kitu inasubiri barabarani. Ukichota 2,000 kwa mara safari zinakuwa 2,000, dakika 2 basi. Hiyo 2,000 ndo psycopg2 inayotumia yenyewe ukizungusha kitanzi kwenye kasa yenye jina, na unaweza kuibadilisha kwa itersize. Mistari yako ikiwa minene, ina picha za vitambulisho sijui nini, punguza. Ila ukiita fetchone inaenda kuleta mmoja kweli, usije ukasema sikukwambia.

Wanaoandika programu kwa lugha ya Java wasikae wakatucheka, kwao ni pabaya zaidi maana hakuna hata kosa linalotokea. Ukiweka setFetchSize (idadi ya kuchota kwa mara) lakini autocommit, ile commit inayojifanya yenyewe, umeiacha imewashwa, draiva ya PostgreSQL inapuuza kimya kimya inakuletea yote. Lazima uzime autocommit kwanza. Kwa MySQL, databesi nyingine, unaongeza useCursorFetch=true kwenye anwani ya muunganisho pamoja na hiyo fetch size. Oracle, nayo databesi, draiva yao inachota 10 kwa mara toka mwanzo, hapo tatizo ni la upande wa pili, 10 ni kidogo mno kwa ripoti kubwa.

Na kufunga Mhariri, kufunga. Wazee wetu huku wanamwagilia migomba na kahawa kwa mfongo (mfereji wa asili), maji yanashuka toka juu kwa zamu, na mtu akimaliza zamu yake akaenda kulala bila kufunga, wa chini yake asubuhi anakuta shamba kavu na kesi inafika kwa mwenyekiti. Kasa ndo hivohivo. Ukiiacha wazi na muamala wake wazi, PostgreSQL inakuwa haiwezi kusafisha mistari iliyokufa (ya zamani iliyofutwa au kubadilishwa) maana inahisi wewe bado unaitazama, vacuum, ndo fagio lake, inapita inaiacha, jedwali linavimba, wiki ya pili kila kitu kizito na hamna anayejua kwanini. Sisi tulikuta muunganisho mmoja uko wazi siku nne, wa mtu aliyefungua ripoti akaenda msibani Marangu na kompyuta ikabaki inawaka. Toka hapo tumeweka idle_in_transaction_session_timeout, mpangilio unaokata muunganisho uliokaa bure na muamala wazi, dakika 30, ipo toka toleo la 9.6 lakini inakuja imezimwa, na ukitaka kuona kasa zilizo wazi kwenye muunganisho wako kuna pg_cursors unaisoma kama jedwali.

Kuna na kitu nilichelewa kukijua. Ukitumia kasa, PostgreSQL inakisia kwamba utasoma asilimia 10 tu ya jibu afu utaacha, kwahiyo inachagua njia ya kuwahi mstari wa kwanza badala ya njia ya kuwahi kumaliza. Kama unajua utasoma mpaka mwisho, weka cursor_tuple_fraction iwe 1.0. Kwetu ripoti ilipungua muda unaoonekana kwa macho.

Sisemi kila kitu kiwe kasa. Mtu anataka jumla ya akiba za tawi zima, kwanini uchote mistari ukajumlishe mwenyewe na databesi inajua SUM? Na mtu anayepekua kurasa kwenye simu yake usimfungulie kasa ukamsubiri, anaweza akaingia kwenye hiace mkaonana kesho.

Kilichonifanya niandike lakini ni hela. Baada ya siku ile ya meku, bodi ilikaa na waliotuuzia programu wakaitwa, wakasema seva yenu ni ndogo, nunueni kubwa, wakaleta na profoma ya milioni 14. Mezani hakuwepo hata mmoja wa kuwauliza programu yenu inachota mistari mingapi kwa mara. Milioni 14 ni hela ya wanachama, ni za yule meku na wenzake. Nikaomba wiki moja. Wiki ikaisha ripoti ile ile inatoka mchana kweupe, makeshia wanaendelea na kazi, memori haifiki nusu, seva ni ile ile ya giga 8. Viongozi wa saccos na amcos na hospitali na shule za huku kaskazini wanaosoma hapa, kabla hamjasaini profoma waambieni waliowauzia waje waendeshe ripoti ya mwaka mzima mbele yenu, na data yenu yote, siyo ile ya majaribio yenye watu 200 ambayo hata kalkuleta ingeiweza. Na nyie Mhariri ukurasa wenu wa teknolojia kila wiki ni simu mpya, mara kamera ngapi mara betri, mngempa mtu nafasi siku moja aeleze vitu kama hivi kwa Kiswahili, wanafunzi wa field wanaokuja kwetu wengi hawajawahi kusikia.

Wale jamaa niliwatumia marekebisho yangu, wakasema asante watayaweka kwenye toleo lijalo. Toleo lijalo lilikuja mwezi wa tatu na mabano matupu kama mwanzo, likafuta na ya kwangu. Nikarudisha usiku. La mwezi wa sita hivohivo. Meku wa Kibosho alipita juzi kuchukua hela ya mbolea, shikamoo marahaba, akaniuliza dirishani, "Vipi kijana, mtandao upo leo?" Nikamwambia upo baba, chukua hela yako mapema, Ijumaa wanaleta apdeti.

Ni mimi msomaji wenu,
Moshi