Masikio yakianza kuvuma, usitupe dawa ya sonona: rudi kliniki na tarehe

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tuzungumze na wasomaji wanaotumia dawa za sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha), hasa wale waliozianza na baada ya siku chache wakasikia masikio yanalia mfululizo kama nyenje wa mchana. Hapa Tabora wapo wengi ambao jambo hilo likiwapata hawarudi kliniki. Wanaacha dawa siku hiyohiyo, kimyakimya, na watu wa nyumbani wanakuja kugundua sonona imekwisharudi, mara nyingi kali kuliko ya mwanzo.

Mlio huo upo kweli, na dawa inaweza kuusababisha. Amitriptilini, fluoksetini na sertralini, zote zinataja mlio wa masikio kwenye karatasi ya maelezo inayokaa ndani ya boksi. Mwaka 2017 watafiti wa Oregon, Marekani, walionyesha katika ubongo wa panya kwamba serotonini, kemikali ambayo dawa hizi huiongeza nguvu, hufanya baadhi ya seli za kituo cha kwanza cha kupokea sauti ziwe nyepesi kushtuka. Panya si mtu, na utafiti huo hautoshi kumwambia mgonjwa yeyote kwamba mlio wake umetoka hapo. Unatosha, hata hivyo, kumzuia mhudumu asimjibu mgonjwa kwamba ni mawazo yake tu.

Kinachotenganisha dawa na visababishi vingine ni tarehe. Mlio wa dawa kwa kawaida hujitokeza ndani ya siku au wiki chache tangu mtu aanze kumeza, au tangu aongezewe kipimo. Aliyemeza amitriptilini miligramu 50 kila usiku kwa miaka miwili bila shida, kisha masikio yakaanza kulia wiki iliyopita, atafute kwingine kwanza. Aulizwe: wiki hiyo ulitumia nini kingine?

Katika mkoa wetu jibu mara nyingi ni malaria na tiba yake. Kwinini huvumisha masikio, na wazee wanalijua hilo tangu zamani. Mlio huanza mapema wakati wa dozi na kwa kawaida huisha dozi ikiisha. Dawa ya mseto ya ALu ina habari nyingine ambayo haisemwi vya kutosha. Lumefantrini iliyomo ndani yake inaweza kupunguza kasi ya ini kuivunja amitriptilini, hivyo kiasi chake kwenye damu kinaweza kupanda ingawa mgonjwa anameza kidonge kilekile. Fluoksetini nayo huizuia njia hiyohiyo. Tena ALu, kwinini na amitriptilini, kila moja kwa upande wake, inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Kwa hiyo ukipimwa ukakutwa na malaria, kabla hujaandikiwa chochote mwambie daktari, "Usiku nameza dawa fulani." Tiba ya malaria usiikose, lakini ukisikia moyo unakwenda mbio au unataka kuzimia, rudi hospitali saa hiyohiyo.

Sindano ya jentamisini, dawa ya kuua bakteria, na zile za zamani za kifua kikuu kama streptomaisini na kanamaisini, ni jambo zito zaidi, kwa sababu zinaweza kuua seli za ndani ya sikio ambazo hazioti tena. Mlio unaweza kubaki hata sindano zikiisha. Aspirini ya miligramu 75 wanayopewa wagonjwa wa moyo kwa kawaida haivumishi masikio. Tatizo ni vidonge vya miligramu 300 vinavyomezwa vitatu vitatu, mara nne kwa siku, kwa ajili ya maumivu ya mgongo au magoti.

Sasa, mgonjwa atazijuaje tarehe na majina yote hayo? Tazama bahasha anayotoka nayo dirishani. Ni kibahasha kidogo cha kaki, ndani vidonge thelathini vilivyokatwa au kumwagwa kutoka kopo, juu pameandikwa kwa peni "1×1 usiku". Basi. Hakuna jina la dawa, hakuna miligramu, hakuna tarehe. Vidonge vya amitriptilini vya miligramu 10 na vya 25 vinaweza kufanana, na anayebadilishiwa bila kuambiwa amepandishiwa kipimo mara mbili na nusu. Tunawaomba wenzetu wanaotoa dawa, wa hospitali na wa maduka, waandike mistari mitatu juu ya kila bahasha: jina la dawa na nguvu yake, namna ya kumeza, na tarehe iliyotolewa. Haichukui hata dakika moja. Na wewe mgonjwa, usione haya kuomba hilo. Kama una simu yenye kamera, piga picha boksi au kopo upande wenye namba ya toleo.

Hatua inayofuata ni kuangaliwa sikio lenyewe kwa otoskopu, kifaa chenye taa cha kutazama ndani ya sikio. Nta iliyoziba peke yake huvumisha sikio vizuri sana, na wanaojichokonoa kwa njiti ya kiberiti, funguo au unyoya wa kuku huisukuma ndani zaidi. Kama sikio halitoi usaha na ngoma yake haijawahi kutoboka, matone mawili au matatu ya mafuta ya kula yasiyo na joto, asubuhi na jioni kwa siku tatu hadi tano, hulainisha nta. Baada ya hapo lisafishwe kituoni kwa maji ya uvuguvugu wa mwili. Maji ya baridi humpa mtu kizunguzungu hadi atapike. Asali, utomvu wa majani na mafuta ya moto visiingie sikioni kabisa. Kama mlio unapiga sambamba na mapigo ya moyo, pimwa shinikizo la damu na wingi wa damu, kwani upungufu wa damu huweza kuleta mvumo wa namna hiyo.

Kuna kosa moja la upande wetu wahudumu ambalo lazima tulitaje. Mgonjwa wa kliniki ya afya ya akili akisema "nasikia sauti masikioni", mhudumu mwenye haraka anaweza kuandika kwamba anasikia sauti za watu wasiokuwepo, na mgonjwa akatoka na haloperidoli, dawa ya wanaosikia sauti hizo, asiyoihitaji, pamoja na mikono inayotetemeka. Swali la kumuuliza ni fupi: sauti hiyo inasema maneno? Mluzi na mvumo havina maneno, haviamrishi, havimtukani mtu. Mgonjwa naye asaidie kwa kueleza hivyo mwenyewe bila kungoja aulizwe.

Ikionekana dawa ndiyo inayoshukiwa zaidi, tafadhali usiiache ghafla. Kuacha ghafla kunaleta kizunguzungu, kichefuchefu, kukosa usingizi, hasira, mishtuko kama ya umeme kichwani, na mara nyingine mlio wa masikio huohuo uliokuwa unaukimbia. Mlio ulioanza siku mbili tatu baada ya kuacha vidonge kwa kawaida ni wa kuacha, si wa kumeza, na tiba yake ni kurudi kwa aliyekuandikia ili akurudishe kwenye kipimo cha awali kisha akushushe taratibu. Mfano wa kushusha: anayemeza amitriptilini miligramu 75 anaweza kupelekwa 50 kwa wiki mbili, 25 kwa wiki mbili, halafu nusu ya kidonge cha 25 kwa wiki mbili nyingine. Ratiba aipange mtabibu wako, kwa sababu aliyewahi kuzidiwa hadi kutaka kujiua hashushwi kwa mwendo huo.

Hapo watu wengi hukosa subira. Amitriptilini hutoka mwilini ndani ya wiki moja hivi. Fluoksetini hukaa, ikifuatiwa na zao lake ambalo nalo linafanya kazi kama dawa, hadi wiki tano. Aliyeacha fluoksetini Jumatatu na kulalamika Ijumaa kwamba bado masikio yanalia, hajathibitisha kwamba dawa haikuhusika; dawa bado imo. Na anayehamishiwa amitriptilini huku fluoksetini haijatoka, aanzishwe kipimo kidogo. Wapo ambao kushusha kipimo tu kunatosha, wapo wanaotulia kwa kubadilishiwa dawa, na wapo ambao mlio unapungua lakini hauishi. Mtu ambaye dawa imemrudisha shambani, kazini na kwa wanawe anaweza kuchagua kuishi na mlio mdogo kuliko kurudi kitandani. Tunauheshimu uamuzi huo, alimradi ameufanya akiwa na maelezo yote.

Kuuishi mlio kunawezekana, na usiku ndio wenye kazi. Kimya kikiwa kikubwa, ubongo hauna kingine cha kusikiliza. Weka sauti hafifu chumbani: feni, au redio iliyowekwa katikati ya stesheni mbili ili itoe mvumo tu. Sauti hiyo iwe chini kidogo ya mlio, usiufunike kabisa, maana ubongo unazoea kile unachokisikia na kukipuuza. Andika kwenye daftari mara moja kwa siku, saa ileile, alama kati ya sifuri na kumi. Usijipime kila saa. Kuusikiliza mlio ndiko kunakoulisha. Mafundi mbao na waendesha mashine za kusaga wavae vizibo vya sponji vya masikio: visokote viwe vyembamba, vuta sikio juu na nyuma, ingiza, shikilia kwa nusu dakika kivimbe. Pamba haizuii kelele. Ukitoka mashineni vitoe, kwani kukaa navyo nyumbani penye utulivu huuongeza mlio.

Yapo mambo yasiyongoja tarehe ya kliniki. Sikio moja likikata kusikia ghafla, fika hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa prednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe, husaidia zaidi ikianzwa ndani ya siku chache. Vivyo hivyo mlio unaoambatana na uso kupinda upande mmoja, kizunguzungu cha kuanguka, au mawazo ya kujiua. Hospitali ya Kitete hapa Tabora wataanza uchunguzi, na ikibidi daktari wa masikio, pua na koo, rufaa ya Hospitali ya Bugando, Mwanza, iombwe mapema.

Vidonge vilivyobaki baada ya kubadilishiwa dawa visikae juu ya kabati. Amitriptilini kumi za miligramu 25 zinatosha kumuua mtoto mdogo. Zirudishwe dirishani.

La mwisho ni taarifa. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ina ofisi ya kanda hapahapa Tabora, na fomu yake ya njano ya madhara ya dawa hujazwa kwa kushuku tu, haihitaji uthibitisho. Inataka umri na jinsia ya mgonjwa, jina la dawa na namba ya toleo, tarehe ya kuanza dawa, tarehe ya mlio kuanza, dawa nyingine alizokuwa anatumia, na kilichotokea baada ya kushusha au kuacha. Mlio wa masikio unaonekana mdogo, kwa hiyo hauandikwi. Tunawaomba waganga wafawidhi wa zahanati na vituo vya afya vya Uyui, Sikonge, Urambo, Kaliua, Nzega na Igunga wahakikishe fomu hizo zipo chumba cha dawa, na kila anayekuja kuchukua dawa ya sonona aulizwe kuhusu masikio yake kama anavyoulizwa kuhusu usingizi.

Wafamasia na wauguzi wa afya ya akili,
Tabora