Pontianak si jini, ni mzazi

Mhariri, salaam.

Makala yenu ya mashetani ya Asia nimeisomea kwenye simu nikiwa kwenye basi, natoka kazini hapa Muscat, na pale mlipomwita pontianak jini la kike la Thailand linaloruka kichwa tupu matumbo yananing'inia nikacheka peke yangu mpaka aliyekaa pembeni akanigeukia. Jamani mmechanganya madawa! Huyo wa kichwa na matumbo Wathai wanamwita krasue, na Wamalay nao wana wa kwao wa hivyo hivyo, penanggalan. Pontianak ni mwingine kabisa, ni wa Malaysia na Indonesia, Waindonesia wanamwita kuntilanak, na wala sio jini.

Haya nayajua sababu nimekaa chumba kimoja na dada wa Kiindonesia karibu miaka mitatu, tulikuwa saluni moja, na usiku tukishazima taa ndo stori zinaanza. Alikuwa hataki kabisa dirisha libaki wazi. Kwao kuna yale maua meupe yanayonukia sana, yanapandwa makaburini, sasa ukiisikia harufu yake usiku halafu mti wenyewe hauuoni, ujue bibie kafika. Na kuna kilio cha mtoto mchanga, kikisikika kwa nguvu yuko mbali bado, kikififia ndo yuko karibu na wewe. Mi baada ya hiyo kama siku mbili sikuuliza tena kitu.

Sasa kilichonifanya niandike ni hiki. Huyu ni mwanamke aliyekufa na mimba au kwenye uzazi. Zamani Wamalay walikuwa wanatofautisha, mama aliyekufa anaitwa langsuir na mtoto aliyezaliwa mfu ndo pontianak, siku hizi majina yamechanganyika. Na kuna Mwingereza alikuwa afisa huko Malaya, ndo Malaysia ya sasa, aliandika mwaka 1900 kwamba hata akifa baada ya kujifungua, kabla siku arobaini hazijaisha, anageuka vile vile. Arobaini! Nyumbani Tanga bibi yangu alikuwa anasema kaburi la mzazi liko wazi siku arobaini, basi ni hesabu ile ile, na hofu ile ile ya mwanamke aliyetoka kujifungua halafu damu haikatiki na hospitali hakuna. Maiti yake Wamalay walikuwa wanaiwekea shanga za kioo mdomoni, yai kila kwapa, sindano viganjani, ili asiweze kupiga kelele wala kufungua mikono akaruka. Mi nikawa namuuliza yule dada, lakini nyie si Waislamu, aliyekufa kwenye uzazi si tunaambiwa ni shahidi? Akasema ndio ni shahidi, akanyamaza, halafu akainuka kuangalia dirisha.

Hata mji upo, Pontianak, kule Borneo, umekaa kwenye ikweta kabisa. Aliuanzisha Syarif Abdurrahman Alkadrie mwaka 1771, baba yake Mhadhrami kama masharifu wetu wa Lamu, na wenyeji wanasimulia kuwa alipofika alipiga mizinga kuwafukuza hao mapontianak pale mito inapokutana.

Mkaandika pia "dawa yake ni msumari". Sawa, ila hamkusema msumari unafanya nini. Haumuui. Ukimpigilia kisogoni anakuwa mwanamke mzuri, mtulivu, unamuoa, anakupikia, na siku ukichomolewa anarudi alivyokuwa. Yani mwanamke kafa akizaa, mnampigilia chuma kichwani azae tena! Nani aliyeitunga hiyo kama sio mwanaume.

Mi naipenda ya zamani zaidi, ya huyo huyo langsuir. Ana nywele mpaka kwenye vifundo vya miguu, zinafunika tundu shingoni, na anapenda samaki mpaka anakwenda kuiba kwenye mitego ya wavuvi. Ukimkamata unamkata kucha na nywele unaziba nazo lile tundu, anatulia, anaolewa, anazaa, miaka inapita watu wameshasahau. Mpaka siku kijijini kuna sherehe, wanamruhusu na yeye acheze. Anacheza weee, halafu hapo hapo anarudi umbo lake, anaruka anaishia porini.

Msomaji wenu,
Muscat