La Rochelle haikuangushwa na mizinga

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu vita vya dini Ufaransa inasema mizinga ya Mfalme Louis XIII ndiyo iliyoivunja La Rochelle, mji wa bandari wa Waprotestanti. Wanafunzi husoma gazeti hili, hivyo tunaomba kosa hilo lisahihishwe. Mji ule uliangushwa na njaa, na njaa ililetwa na ukuta uliojengwa baharini.

Mwaka 1627 jeshi la mfalme, chini ya waziri wake mkuu, Kardinali Richelieu, liliuzingira mji upande wa nchi kavu kwa mahandaki na vigome vilivyoenea karibu kilomita 12. Ilikuwa kazi bure maadamu bandari ilikuwa wazi. (Fort Jesus ya Mombasa ilistahimili karibu miaka 3, 1696 hadi 1698, na sababu mojawapo ni kwamba meli za msaada ziliweza kuifikia.) Mhandisi Mwitalia, Pompeo Targone, alijaribu kuifunga bandari, bahari ikamshinda. Ndipo kazi ikachukuliwa na msanifu Clément Métezeau na mwashi Jean Thiriot.

Anayelijua tuta la bwawa la Hombolo atadhani ukuta wao ulikuwa wa namna ile ile, kumbe sivyo. Tuta la bwawa huzuia maji. Ukuta huu, wa mita 1,500 hivi, ulipaswa kuyapitisha. Maji ya pale hupanda na kushuka zaidi ya mita 5 wakati wa bamvua, na ukiyaziba kabisa yataubomoa ukuta. Kwa hiyo walikita magogo chini ya bahari, wakapanga mawe makavu bila chokaa ili maji yapenye, na pande wakazilaza mteremko zisipigwe wima na mawimbi. Katikati waliacha mwanya, na wakazamisha meli zilizojazwa mawe kuzuia njia. Yote hayo mbali, mizinga ya mji isikoweza kufika.

Meli za Kiingereza zilikuja kuuokoa mji Mei 1628, zikageuza. Zikarudi mwishoni mwa Septemba, zikashindwa kupenya. Ndani, Meya Jean Guiton alikataa kusalimu amri. Wanawake, watoto na wazee walitolewa nje ili kupunguza walaji. Askari wa mfalme wakawanyima njia, wengi wakafia kati ya kuta na mahandaki. Mji uliposalimu amri tarehe 28 Oktoba, kati ya watu 27,000 hivi walikuwa wamebaki kama 5,000.

Siku chache baadaye dhoruba ilibomoa sehemu ya ukuta ule.

Walimu wa historia,
Dodoma