Barua ya wazi kwa Mkuu wa Jeshi la Majini la Uingereza: Glasgow nyingine iko chini ya bahari yetu

Mheshimiwa,

Salamu kutoka Unguja. Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi, maana wenzangu nao nataka wasome na waongeze lao, na ofisi kubwa kama yako haikosi mtu wa kukutafsiria.

Mwezi wa tano mwaka 2025 tuliziona picha za Princess Catherine pale Scotstoun, kiwanda cha meli mjini Glasgow, kabonyeza kitufe, chupa ya wiski ikapasukia ubavuni mwa manowari mpya na jina likatangazwa rasmi, HMS Glasgow. Ndo frigeti ya kwanza ya aina ya Type 26, tani 6,900, urefu unakaribia mita 150, bamba lake la kwanza la chuma lilikatwa Julai 2017, na nyuma yake kwenye foleni wapo Cardiff, Belfast, Birmingham, Sheffield, Newcastle, Edinburgh na London. Watu wa miji hiyo wamefurahi na wana haki ya kufurahi. Lakini mie niliposikia Glasgow akili ilikimbilia moja kwa moja bandarini kwetu, kwa sababu sisi Glasgow tunayo, ilizamishwa mbele ya Forodhani, na walioizamisha ni jeshi lako.

Naomba nikueleze kidogo, kwa sababu sijui kama wale wanaokaa kwenye Kamati ya Majina na Nembo za Meli wanapompelekea Mfalme majina ayakubali huwa kuna mtu anawakumbusha haya.

Mwaka 1872 kimbunga kilipiga Unguja kikamvunjia Sayyid Barghash meli zake. Akataka meli mpya ya kifalme, na alivutiwa na frigeti yenu ya zamani iliyokuwa ikiitwa Glasgow, basi akaagiza ya mfano huo huo na jina akaliweka lile lile. Ilijengwa mwaka 1878 kwa William Denny, Dumbarton, kwenye mto Clyde, mto ule ule ambao Glasgow yenu ya leo imeungiwa. Yani hizi meli mbili ni watoto wa mto mmoja, mheshimiwa. Na jina lilifika Zanzibar kwa mapenzi, hakuna aliyemlazimisha Barghash, alilipenda akalilipia.

Ikakaa bandarini, milingoti mitatu na bomba la moshi katikati, mizinga yake midogo saba na bunduki moja ya Gatling. Meli ya fahari tu ile, haikujengwa kupigana na manowari.

Tarehe 25 Agosti 1896 Sayyid Hamad bin Thuwaini akafariki ghafla, Khalid bin Barghash akaingia kasri bila idhini ya balozi wenu, akapewa mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ameshuka. Hakushuka. Dakika mbili baada ya saa tatu mizinga ikaanza. Zilikuwepo meli zenu tano pale, St George, Philomel, Thrush, Racoon na Sparrow. Glasgow yetu ikajibu kwa vile vimzinga vyake, ikaipiga St George, na St George ikarudisha kwa mizinga ambayo meli ya fahari haiwezi kuihimili hata kidogo. Kabla ya saa tano Glasgow ikawa imekaa chini ya maji. Mabaharia wake walipandisha bendera ya kusalimu amri na boti zenu zikaenda kuwaokoa, hilo nalo naliandika kwa sababu ni kweli na ni heshima yenu. Lakini kwenye kasri, lililojengwa kwa mbao kwa sehemu kubwa, watu kama 500 upande wetu walikufa au waliumia, na upande wenu aliumia baharia mmoja. Vitabu vya dunia vinaiandika kama vita fupi kuliko zote, watu wanaisoma wanashangaa kwamba ilipiganwa kama dakika arobaini tu halafu wanafungua ukurasa mwingine, ila sisi kwetu waliokufa wale wana watoto wa wajukuu zao na wapo Malindi na Ng'ambo mpaka leo.

Milingoti ilibaki imechomoza majini mpaka mwaka 1912 mabaki yalipovunjwa. Miaka 16, kila anayeingia bandarini anaiona. Wazee walikua wakiitazama.

Sasa ombi langu. Sisemi mbadilishe jina la Glasgow, hapana, mji ule una haki na jina lake na mafundi wa Govan na Scotstoun wameifanyia kazi meli ile miaka mingi. Ninachosema ni kwamba manowari zenu huwa na ubao wa heshima za vita za meli zote zilizowahi kubeba jina hilo, na huwa mnawafundisha mabaharia wapya historia ya jina. Basi kwenye historia hiyo ya HMS Glasgow ziwekwe mistari ya Glasgow ya Zanzibar pia. Picha yake ipo, ile yenye milingoti juu ya maji, itundikwe mahali mabaharia wanapokulia chakula, chini yake waandike 1878 na 1896 na nani aliijenga na nani aliizamisha. Kijana wa miaka 19 anayelala ndani ya meli ile ajue kwamba jina alilovaa kwenye kofia yake limewahi kuwa upande wa pili wa mizinga.

Na London ndo hivo hivo. Kati ya 1874 na 1883 HMS London ya zamani ilitia nanga hapa Unguja kama kituo cha kukamata majahazi ya watumwa. Kapteni wake Charles Brownrigg aliuawa Desemba 1881 karibu na Pemba akilifuata jahazi. Kazi ile ilikuwa ya haki na siwezi kuipunguzia thamani. Lakini nani alikuwa anachochea makaa kwenye meli zenu za bahari hii kwa joto lile? Nani alikuwa anapiga makasia, anasoma upepo, anazungumza na manahodha? Walikuwa watu wa huku, mliowaandika kwa jina la jumla Seedies, wengi waliajiriwa hapa hapa Zanzibar, wengine wao wenyewe walikuwa wametoka utumwani. Wengi hata majina yao ya kweli hayakuingia daftarini, walipachikwa majina ya utani na maofisa na wakazikwa nayo. Jeshi linalokaa kamati na kumuomba Mfalme idhini kabla ya kuipa jina boti ya chuma, liliwaacha binadamu waliolitumikia bila majina yao.

Nenda Chapwani, mheshimiwa, kisiwa kidogo mbele ya mji, Wazungu wanakiita kisiwa cha makaburi. Kwa mashua ni karibu tu. Chini ya miti, na paa wadogo wakipita katikati, utakuta mabaharia wenu, wale wa zama za watumwa na wale wa HMS Pegasus iliyopigwa na Königsberg ya Wajerumani hapa hapa Septemba 20, 1914. Mawe yamechongwa, majina yanasomeka, cheo na meli, na pamefagiliwa. Nilisimama pale nikasoma jina moja moja na nikawaombea, vijana wadogo wamefia mbali na mama zao. Halafu ukirudi mjini utafute jiwe moja lenye majina ya waliokufa kasrini 1896. Utazunguka Mji Mkongwe wote.

Najua mtu atasema majina ya manowari ni jadi na jadi haiguswi. Mbona inaguswa? Nyambizi ya saba ya aina ya Astute ilikuwa inaitwa Agincourt, Januari 2025 ikatangazwa kwamba sasa ni Achilles na Mfalme amekubali. Nyie mlisema ni kuienzi Achilles ya vita kuu ya pili, magazeti yenu yakasema ni kuogopa kuwaudhi Wafaransa. Vyovyote iwavyo, jina lilibadilika meli ikiwa bado kiwandani na dunia haikuanguka. Tena meli ya majaribio mliiita Patrick Blackett, jina la mwanasayansi aliyewahi kuwa baharia, kwahiyo hata majina ya watu sio mwiko.

Na ukitaka kujua jinsi jina linavyoweza kuchukuliwa kiholela angalia Ziwa Tanganyika. Mwaka 1915 mlileta boti mbili kutoka Uingereza kwa meli, treni na kukokotwa porini Kongo, ofisa wenu Spicer-Simson akataka kuziita Paka na Mbwa, wakubwa London wakakataa, akaziita Mimi na Toutou wakakubali. Disemba 26 mwaka huo wakaiteka boti ya Wajerumani iliyokuwa inaitwa Kingani, jina la mto wetu unaomwagikia karibu na Bagamoyo, na wakalifuta wakaiita Fifi. Jina la mto ambao watu wamekunywa maji yake vizazi na vizazi, likafutwa. Hata Wajerumani walikuwa wameliacha libaki kama lilivyo.

Baadaye mkatumia majina ya nchi zetu zenyewe. HMS Kenya, kruza iliyopigwa torpedo Agosti 1942 ikisindikiza msafara wa kuiokoa Malta na haikuzama. HMS Uganda. HMS Zanzibar, frigeti iliyojengwa Marekani. Hakuna aliyeulizwa Mombasa wala Kampala wala hapa. Kwahiyo nasema wazi, siombi HMS Zanzibar mpya, na mkija na wazo hilo bila kutuuliza ntakuwa wa kwanza kulipinga. Ninachoomba ni kwamba meli ambazo bado mnazichora, destroya za Type 83 na zile za kubeba makomando, kamati yenu ikigusa jina lenye historia na pwani hii ije iulize kwanza. Wanahistoria wapo chuo kikuu cha taifa hapa, nyaraka za Zanzibar zipo, wazee wapo. Na kama mnatafuta jina la chombo cha msaada au cha majaribio, watafuteni kwenye madaftari yenu wale wachochea makaa mliowahi kuwaandika kwa majina yao, mchukue mmoja, jina lake kamili kama mama yake alivyompa.

Wapo pia wa karibu zaidi. Februari 1944 meli ya kubeba askari Khedive Ismail iliondoka Kilindini, ndani yake wamo mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, na manesi. Tarehe 12 nyambizi ya Japani ikaizamisha karibu na Maldives kwa muda mfupi sana, wakafa zaidi ya 1,200. Watu wa Petard na Paladin, meli zenu zilizoiwinda nyambizi ile mpaka ikaisha, mnawakumbuka vizuri. Wale wapiga mizinga walioenda kupigana Burma kwa ajili yenu wamekumbukwa na nani?

Nigusie helikopta, maana najua kwako jina na mipango vinakwenda pamoja. Lynx, Wildcat, Merlin, na hiyo ndogo isiyo na rubani mnayoiita Peregrine, majina ya wanyama na ndege, hayana ugomvi na mtu. Ninachokuomba huko ni mipango. Bahari hii ndo njia ya unga, heroini inatoka pwani ya Makran, kule Iran na Pakistan, kwa majahazi inashuka mpaka kwetu na Mombasa na Msumbiji, mitaa yetu imejaa vijana iliowamaliza, na mama zao wanauza dhahabu zao kuwapeleka sober house. Mwaka 2025 frigeti yenu Lancaster ilikamata mzigo mkubwa wa madawa huko juu, Wildcat na Peregrine zikiwa macho yake angani. Lakini Lancaster iliingia kazini 1992, na meli za aina yake zilipangiwa kuishi miaka 18 tu. Meli bila helikopta kwenye bahari pana kama hii haioni jahazi. Type 26 hanga lake linaingiza Merlin moja au Wildcat mbili, vizuri, ila nyie Wildcat za majini mnazo 28 tu kwa meli zote na mafunzo yote. Na tafadhali kumbukeni maji yetu ni ya moto, zile destroya zenu za Type 45 injini zilikuwa zikizimika kwenye joto la Ghuba mpaka bunge lenu likauliza maswali, sasa mnazirekebisha moja moja kwa gharama kubwa. Wanaochora Type 83 wakae na namba za joto la bahari ya Hindi mezani tangu siku ya kwanza.

Nikirudi kwenye Glasgow. Ikishaanza kazi najua siku moja itapita huku, meli zenu zinakwenda Duqm kule Oman na zinaingia Mombasa. Ikifika Unguja, kapteni wake akienda Chapwani kuweka shada kwa mabaharia wenu, kama ilivyo desturi na ni haki yao, naomba siku hiyo hiyo aje na shada la pili kwa waliokufa kasrini, na aliseme jina la Glasgow zote mbili mbele ya watu. Barua nyingine kama hii naipeleka kwa Wizara ya Utalii na Mambo ya Kale hapa Zanzibar, kuwaomba watangulize hilo jiwe lenye majina ya 1896, ili huyo kapteni akija awe na mahali pa kuliweka.

Wako kwa heshima,
Mwana wa Malindi, Unguja